Ratiba Tano, Reli Moja: Miradi Mikubwa Huchelewea Mpakani

Treni ya kwanza ya abiria kwenye reli ya kisasa ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza safari 14 Juni 2024. Mkataba wa kipande hicho ulisainiwa Februari 2017, na muda wa ujenzi uliotajwa ulikuwa miezi 30. Kila aliyefuatilia mradi ana orodha yake ya sababu: fedha, mvua, Uviko-19, meli. Makala hii haimtafuti mwenye kosa. Inaangalia jambo ambalo halionekani kwenye picha za uzinduzi, yaani namna taasisi tano zenye ratiba tano zinavyoweza kufika mahali pamoja siku moja, kila moja ikiwa tayari.

Tuzihesabu. Mwenye mradi ni Shirika la Reli Tanzania, TRC. Tuta, madaraja, njia na nyaya za juu za umeme vilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki, iliyoingia mkataba wa kipande hicho pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Mhandisi mshauri ni Korail ya Korea Kusini. Vichwa 17 vya umeme na seti 10 za EMU, yaani treni zenye mota zake zenyewe zisizovutwa na kichwa, zile ambazo abiria wamezibatiza Mchongoko, ziliundwa na Hyundai Rotem. Umeme unatoka TANESCO kwa laini ya msongo wa kilovolti 220 iliyojengwa mahususi kwa ajili ya reli. Hapo bado hatujaigusa Hazina, forodha, wathamini wa ardhi, wala mamlaka za maji na barabara ambazo mabomba na madaraja yao yalikuwa njiani. Kila mmoja wa hawa ana bosi wake, mwaka wake wa fedha, na faili lake la ratiba.

Hoja yangu ni kwamba programu ya ratiba haiunganishi taasisi. Inahesabu viungo ulivyoiwekea, yaani kazi ipi inasubiri ipi, basi. Na mradi wa taasisi nyingi mara nyingi hauharibikii katikati ya kazi ya mtu mmoja. Unaharibikia pale kazi inapotoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine, na hapo hasa ndipo ratiba nyingi hazina hata mstari mmoja.

Chukua kabidhiano moja tu: umeme kuingia kwenye kituo cha kupoza umeme cha reli. Tuseme ratiba ya shirika la umeme ina mstari unaosema laini itakamilika 30 Aprili, na ratiba ya mjenzi wa reli ina mstari unaosema umeme utapokelewa 2 Mei. Ukiziweka kando kwa kando zinaonekana zimepatana vizuri. Sasa shuka chini. Kabla umeme haujaruhusiwa kupita, pande zote mbili lazima zikubaliane mipangilio ya rilei za ulinzi, vifaa vinavyokata umeme panapotokea hitilafu, na mjenzi hawezi kuikokotoa mpaka apewe takwimu za mkondo wa hitilafu wa gridi mahali pale, yaani ukubwa wa umeme unaopita hitilafu ikitokea. Mita za kupimia umeme zinahakikiwa na kupigwa lakiri. Mafuta ya transfoma yanachukuliwa sampuli na kupelekwa maabara. Mawasiliano kati ya kituo na chumba cha udhibiti wa gridi yanajaribiwa ncha hadi ncha. Mafundi wa pande zote wanasaini utaratibu wa nani ana mamlaka ya kuzima na kuwasha, maana kuanzia siku hiyo waya ule unaua. Kisha unakuja ukaguzi wa pamoja, orodha ya kasoro, marekebisho, ukaguzi wa marudio, na ndipo transfoma inawashwa bila mzigo na kuachwa ikiangaliwa. Nyingi ya hatua hizo zinachukua siku 3 hadi 14. Baadhi zinakwenda sambamba, lakini hata zikipangwa kwa uangalifu bado zinakula wiki 5 au 6.

Wiki hizo hazimo kwenye ratiba ya yeyote. Shirika la umeme linaamini ni kazi ya anayepokea. Mjenzi anaamini ni sehemu ya kukamilisha laini. Wote wawili wanaripoti kwamba wako ndani ya muda, na hakuna anayedanganya. Anayeumia ni wa tatu: muunda treni, ambaye mafundi wake wamekwisha kukata viza na tiketi waje kujaribu treni chini ya nyaya za kilovolti 25 ambazo bado hazina umeme. Nyuma yake wako madereva wanaosubiri mafunzo, na nyuma yao wako watu wa mauzo waliokwisha kutangaza nauli.

Tiba yake si ngumu kuieleza. Kila kabidhiano liwe na vitu vitatu kwenye ratiba: alama ya hatua, yaani mstari wa tarehe tu usio na siku za kazi, upande wa mtoaji, alama ya hatua upande wa mpokeaji, na katikati yake shughuli kamili ya kukagua na kupokea, yenye siku zake, kalenda yake na jina la mtu anayewajibika. Alama zote mbili ziandikwe namba moja, tuseme MK-014, ili mtu akiitafuta namba hiyo kwenye faili lolote la taasisi yoyote aipate. Kiungo kati yao kiwe cha kawaida, cha kumaliza ndipo kuanza, bila siku zilizofichwa ndani ya kiungo. Siku zilizofichwa ndani ya kiungo hazina maelezo, hazina mwenyewe, na hakuna anayezijadili kwenye kikao kwa sababu hazionekani kama mstari.

Namba hizo zikusanywe kwenye daftari la makabidhiano. Safu zinazohitajika ni chache: namba, nani anatoa, nani anapokea, ni kitu gani hasa kinatolewa, mahali kilipo kwa kilomita ya njia, hati gani inathibitisha kwamba kimetolewa, tarehe anayoahidi mtoaji, tarehe anayoihitaji mpokeaji, na tofauti ya siku kati ya hizo mbili. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kusomwa na mkurugenzi kila Jumatatu. Ukaidi uwekwe kwenye safu ya "kitu gani hasa". "Laini imekamilika" haitoshi. Iandikwe "laini imewashwa kwa kilovolti 220 hadi kwenye swichi ya kuingilia kituo, cheti cha majaribio kimesainiwa na pande mbili, ufunguo wa uzio umekabidhiwa". Mabishano mengi ya baadaye huanzia kwenye neno moja, kukamilika, ambalo kila upande umelielewa kivyake.

Kwa upana wa tatizo hili, mradi wenye kumbukumbu za wazi zaidi ni Crossrail ya London, reli ambayo leo inaitwa Elizabeth line. Wafadhili walikuwa wawili, Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya mji huo, na Network Rail, yenye njia za reli za taifa, ilibeba kazi za njia za juu ya ardhi. Kampuni iliyoundwa kuusimamia, Crossrail Ltd, iliigawa kazi katika mikataba mikuu 36 na kubaki yenyewe na jukumu la kuiunganisha. Mahandaki ya kilomita 42 yalichimbwa kwa mashine 8 kati ya 2012 na 2015, chini ya mji uliojaa mabomba na misingi ya majengo ya kale, na sehemu hiyo ambayo kila mtu aliiogopa ilikwenda vizuri. Kilichosumbua ni kilichofuata. Treni zilitoka kiwanda cha Bombardier, ishara za handaki la katikati zilitoka Siemens, na katika safari moja treni ilitakiwa kupita kwenye mifumo 3 tofauti ya ishara. Novemba 2017 umeme ulipowashwa kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha Pudding Mill Lane, transfoma ililipuka, na majaribio ya treni yakasogea mbele. Tarehe ya ufunguzi, Desemba 2018, haikusogezwa. Muda wa majaribio ukabanwa, kazi za ujenzi zikapandiana na kazi za kujaribu, na mafundi wa mikataba tofauti wakawa wanagombea handaki moja usiku mmoja.

Mwanzoni mwa 2018 taarifa za mradi zilisema umefika zaidi ya asilimia 90. Tarehe 31 Agosti mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Desemba haiwezekani. Reli ilifunguliwa 24 Mei 2022, na kituo cha Bond Street kikafuata 24 Oktoba. Bajeti iliyowekwa 2010, pauni bilioni 14.8, iliishia karibu bilioni 18.9. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, katika ripoti yake ya Mei 2019, iliona kwamba kampuni iling'ang'ania tarehe ya Desemba 2018 bila kuwa na mpango wa kina wa kutosha wa kuifikia.

Zingatia hesabu ya mikataba 36. Jozi zinazowezekana kati ya mikataba hiyo ni 36 mara 35 gawanya kwa 2, yaani 630. Si kila jozi inagusana, lakini hata robo yake ni zaidi ya mipaka 150, na kila mpaka una makabidhiano kadhaa. Asilimia ya ukamilishaji haioni chochote kati ya hivyo. Asilimia hupimwa kwa fedha au kwa wingi wa zege na chuma, na zege na chuma hukamilika mapema. Kinachobaki mwishoni ni majaribio na kuunganisha mifumo, kazi ya bei ndogo na siku nyingi. Ndiyo maana mradi unaweza kuwa asilimia 90 na bado ukabakiwa na miaka. Naliona hili kuwa kosa zito zaidi katika taarifa za miradi yetu ya umma: tunatangaza asilimia kila mwezi, na wananchi wanaipokea kana kwamba ni umbali uliobaki.

Kuna hesabu nyingine ambayo wasimamizi wengi hawaipendi. Tuseme kuanza kwa majaribio kunasubiri vitu 5 kutoka taasisi 5, na kila taasisi ina uwezekano wa asilimia 80 wa kuleta chake kwa tarehe. Hapo hakuna mzembe. Lakini uwezekano wa vyote vitano kuwa mezani siku hiyo ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara 5, yaani karibu asilimia 33. Wakiwa 10, inashuka hadi asilimia 11. Ratiba ya kawaida huchukua tarehe ya mwisho kabisa kati ya zile 5 na kuianzishia majaribio siku inayofuata, kama vile kuchelewa hakupo. Kwa hiyo mahali makabidhiano mengi yanapokutana, mwenye mradi aweke shughuli ya akiba iliyoandikwa wazi jina lake, yenye wiki zake, mali yake mwenyewe. Akiba hiyo isitawanywe kwenye ratiba za wakandarasi, kwa sababu ikienda huko italiwa kimyakimya.

Sasa tuingie ndani ya programu, maana wengi hushindwa hapa hata baada ya kukubaliana mambo ya msingi.

Katika miradi ya ukubwa huu utakuta programu za ratiba mbili: Primavera P6 kwa wakandarasi wakubwa na Microsoft Project kwa taasisi na wakandarasi wadogo. Faili la P6 hutumwa kwa mfumo wa XER. Ukilipokea, usiliingize moja kwa moja kwenye hifadhidata yako ya kazi. XER hubeba pamoja na shughuli kalenda za jumla, misimbo ya jumla na orodha ya rasilimali za mahali lilikotoka. Kalenda ya mkandarasi yenye jina sawa na ya kwako inaweza kuifuta ya kwako, na kesho yake tarehe za miradi yako mingine zimehama bila mtu kugusa kitu. Faili ambazo zimepita mikononi mwa kampuni nyingi hubeba pia data ya jedwali linaloitwa POBS, isiyo na kazi yoyote kwako, inayoweza kulifanya faili la megabaiti 2 kuwa la megabaiti 100. Weka hifadhidata ya pembeni kwa ajili ya mapokezi. Ingiza huko, kagua, safisha, kisha ndipo uhamishie kwenye ya kazi.

Jambo la pili ni viungo vinavyovuka mipaka ya faili. Mradi ukitolewa peke yake kwenye P6, viungo vyake na miradi mingine vinakatika, na programu inaacha mahali pake tarehe za nje zilizoganda. Ukiurudisha bila kuviunga tena, ratiba itaendelea kutii tarehe ya mwezi uliopita kana kwamba ni ya leo. Halafu kuna kisanduku kwenye mipangilio ya kukokotoa kinachoiamuru programu ipuuze viungo vya kwenda na kutoka miradi mingine. Mtu mmoja akikiwekea tiki ili faili lake lionekane safi, ratiba kuu nzima inakuwa mkusanyiko wa ratiba zisizojuana. Kila baada ya kuunganisha, jaribio la kwanza ni hili: isogeze alama moja ya mtoaji kwa siku 30, kokotoa, uone kama mwisho wa mradi umetikisika. Usipotikisika, ama kuna muda wa akiba wa kweli, ama kiungo kimekufa. Jua ni lipi.

Muda wa akiba nao una mtego wake. Ni siku ambazo shughuli inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho, lakini mwisho wa nini? P6 inakuuliza kama ihesabu kwa mwisho wa kila mradi au kwa mwisho wa miradi yote iliyofunguliwa pamoja. Ukiacha ya kwanza, kila taasisi itaona shughuli zake za mwisho hazina hata siku moja ya akiba, wote watapiga kelele ya dharura, na mlolongo mmoja unaobana mradi mzima hautaonekana. Kwa ratiba kuu, chagua ya pili. Na kumbuka kwamba miradi mingi ikifunguliwa pamoja, mipangilio ya mradi mmoja uliowekwa kuwa wa msingi ndiyo inayotumika kwa yote. Kwa hiyo chagua kwa makusudi upi ni wa msingi.

Kisha kuna kazi zilizoanza kabla ya zamu yake. Mkandarasi ameanza kuvuta nyaya wakati nguzo hazijaisha. Kwa mpangilio mmoja, programu inasema kilichobaki cha nyaya kisubiri nguzo ziishe. Kwa mpangilio mwingine, inasema maadamu umeanza endelea, kiungo hakina kazi tena. Faili lilelile kwa mipangilio hiyo miwili linaweza kutoa tarehe za mwisho zilizotofautiana kwa wiki nyingi. Naupendelea ule wa kwanza kwa ratiba kuu, kwa sababu unamlazimisha mpangaji arekebishe mantiki pale uhalisia ulipobadilika. Ule wa pili unaipuuza mantiki na kukupa tarehe tamu. Muhimu zaidi ni uandikwe kwenye utaratibu wa mradi na wote waufuate.

Tarehe zilizofungwa kwa lazima, ambazo programu hairuhusiwi kuzivuka, zipigwe marufuku. Zinavunja mantiki na kuficha kuchelewa nyuma ya tarehe nzuri. Kipimo kinachotumiwa sana na wakaguzi wa ratiba, kilichotoka shirika la usimamizi wa mikataba ya ulinzi la Marekani, kinataka tarehe za namna hiyo zisizidi asilimia 5 ya shughuli zilizobaki, na viungo vya kumaliza ndipo kuanza viwe angalau asilimia 90. Ni kipimo cha afya tu. Ratiba inaweza kukifaulu na bado ikawa haina makabidhiano hata moja.

Kalenda nazo zinaonekana ndogo, lakini tarehe zako zinazitegemea. Mkandarasi anafanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 10 kwa siku; ofisi ya mshauri na taasisi ya umma siku 5, saa 8. Programu hizi huhifadhi muda kwa saa. Shughuli ya siku 20 za saa 8 ni saa 160. Ikisomwa kwenye faili lenye siku ya saa 10 inakuwa siku 16, na hakuna aliyeharakisha chochote. Microsoft Project ina mpangilio mmoja wa saa za siku kwa faili zima, kwa hiyo kalenda ya saa 10 ndani ya faili lililoachwa kwenye saa 8 itakupa majibu ya ajabu. Ongeza sikukuu: Idd inayohama kila mwaka, Seollal na Chuseok kwa kiwanda cha Changwon huko Korea, Bayram kwa ofisi ya Istanbul. Kazi za udongo ziwe na kalenda ya masika na vuli. Mapokezi ya taasisi ya umma yasiwekwe kwenye kalenda ya mkandarasi ya siku 6, maana Jumamosi hakuna wa kusaini.

Yote haya yanahusu wakandarasi, na kwa kweli wakandarasi ndio upande ulio rahisi. Kwa mkandarasi kuna mkataba. FIDIC ya 2017, mkataba wa kielelezo wa ujenzi unaotumika kimataifa, kifungu cha 8.3, inamtaka alete ratiba ya kwanza ndani ya siku 28 baada ya taarifa ya kuanza kazi, ikiwa na viungo, muda wa akiba na mlolongo unaobana, kwa nakala ya kielektroniki pia. Mhandisi akikaa kimya siku 21 kwa ratiba ya kwanza, au 14 kwa iliyorekebishwa, inahesabika hana pingamizi. Wengi hupitwa na siku hizo wakisubiri kikao. Kifungu cha 8.4 kinazitaka pande zote zionyane mapema zinapoona jambo litakalochelewesha. Zana zipo.

Kati ya taasisi ya umma na taasisi ya umma hakuna kitu kama hicho. Mwenye reli na mwenye umeme, mwenye barabara na mwenye maji, wanaandikiana barua. Hakuna fidia ya kuchelewa, hakuna ratiba iliyokubaliwa, mara nyingi hakuna hata jina la ofisa. Lakini gharama ipo. Taasisi moja ikichelewa kuhamisha nguzo au bomba, eneo halikabidhiwi, na mkandarasi anadai muda na fedha kwa mwenye mradi, kwa haki yake kabisa. Yeyote aliyeona upanuzi wa barabara Dar es Salaam anajua sura yake: kilomita mbili lami nyeusi, kisha mita mia tatu za vumbi kuzunguka nguzo moja. Ukilichambua lile vumbi utakuta makadirio ya gharama yaliyosubiri ukaguzi, malipo yaliyosubiri robo mpya ya bajeti, nguzo zilizosubiri zabuni, na katizo la umeme lililosubiri tangazo kwa wateja. Ni shughuli nne zinazoweza kuandikwa, kupewa siku na kuunganishwa. Zikiandikwa kwa mstari mmoja wa "kuhamisha miundombinu, siku 60", hakuna atakayejua imekwama wapi.

Fidia ya ardhi ina ukali wake zaidi. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2. Ukipita bila malipo, kazi ya kuthamini inarudiwa. Malipo yakizidi miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa. Hizo ni tarehe za kisheria zenye athari kubwa kuliko tarehe nyingi za ujenzi, na nyuma yake kuna familia ambazo haziwezi kupanda mazao ya kudumu wala kukarabati nyumba kwa sababu zimekwisha kuwekewa alama. Ziwekwe kwenye ratiba kuu kama alama za hatua, kwa kila kijiji, pamoja na 1 Julai, siku mwaka mpya wa fedha unapoanza. Vilevile vibali vya misamaha ya kodi kwa vifaa vinavyoingia bandarini: kibali kikichelewa, kontena linakaa na gharama ya kukaa inapanda, huku ratiba ya muuzaji ikionyesha kwa haki kwamba ameleta mzigo kwa wakati.

Wauzaji wa programu watakuambia dawa ni jukwaa moja la mtandaoni ambamo taasisi zote zinaandika ratiba zao kwa pamoja. Sikubaliani. Mkandarasi anayejua kwamba ratiba yake itatumika siku moja mbele ya wasuluhishi hataandika wasiwasi wake kwenye jukwaa analosomewa na mwajiri. Ataweka pale ratiba ya maonyesho, na ile ya kweli ataiendesha kwenye kompyuta ya meneja wa eneo. Mbinu ya PERT ya kukokotoa ratiba ilibuniwa 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora wa Polaris wa jeshi la majini la Marekani, mradi wenye wakandarasi lukuki, kwa hiyo uwezo wa kuhesabu ulikuwepo kabla ya intaneti. Kinachokosekana ni ruhusa ya kusema ukweli mapema bila kuadhibiwa papo hapo. Kila taasisi ibaki na ratiba yake, kwa undani inaoutaka. Kinachogusa wengine tu, yaani makabidhiano, ndicho kiwe cha pamoja, na mwenye mradi awe na mpangaji wake mwenyewe, aliyeajiriwa naye, anayefungua faili za wote. Kumwachia mkandarasi mmoja aiunganishe ratiba ya mradi mzima ni kumfanya hakimu wa kesi yake. Na PDF ya ukurasa mmoja yenye mistari ya rangi isipokelewe kama ratiba. Haina viungo.

Mzunguko wa mwezi uwe na tarehe moja ya taarifa kwa wote, tuseme tarehe 25. Mmoja akiripoti hali ya tarehe 15 na mwingine ya tarehe 30, picha ya pamoja ina uongo wa siku 15 ndani yake. Faili ziingie ndani ya siku 3, ukaguzi siku 2, kuunganisha siku 1, na kikao ndani ya siku 10. Kila wiki kati ya hapo, nusu saa inatosha kupitia makabidhiano ya wiki 12 zijazo. Swali kwa mtoaji ni moja: ni nini bado kinakosekana ili hati isainiwe? Asijibu kwa asilimia.

Mradi ambao tayari uko katikati na hauna lolote kati ya haya usianze kwa kununua leseni wala kuitisha ratiba mpya zenye shughuli elfu 10. Aanze mtu mmoja na jedwali la kawaida la kompyuta. Aandike siku ya kwanza ya huduma chini kabisa, kisha arudi nyuma akiuliza kila mara ni nani anampa nani nini kabla ya hapo, mpaka afike leo. Kwa reli au bwawa la umeme, makabidhiano 30 hadi 50 yanatosha kwa kuanzia. Aipeleke orodha kwa kila taasisi, ajaziwe tarehe mbili kwa kila mstari bila kuonyeshwa alichojaza mwenzake, kisha aziweke pamoja. Mistari ambayo tarehe zake zimepishana kwa zaidi ya wiki mbili ndiyo ajenda ya kikao cha kwanza. Mistari ambayo hakuna aliyeijaza ipelekwe kwa katibu mkuu wiki hiyohiyo.